Mbwa Walipelekwa Gilgil

Kila mtu anayekijua kitabu cha Karen Blixen, Out of Africa, anakijua kupitia mlango wa mbele: shamba, vilima vya Ngong, hewa safi, na mzungu mwenye huzuni ya kupendeza. Wengi hata hawajakisoma. Wameona ile filamu ya 1985, ya Meryl Streep na Robert Redford, na hiyo imewatosha. Mimi naomba tuingie kwa mlango wa nyuma. Sehemu ya tano na ya mwisho, inayohusu kuagana na shamba, ndiyo inayonirudisha kwenye kitabu hiki kila mara. Ukiondoa machozi na mawingu, kinachobaki pale ni jambo ambalo kila familia Kenya inalifahamu vizuri sana: kugawa mali. Nani achukue nini, nani aandikwe, na nani aachwe amesimama nje ya geti akiuliza, na sisi je?

Karen Blixen hakufa mwaka 1931. Alifilisika, na shamba likauzwa. Lakini kurasa zile zinakwenda kama matanga. Vitu vinatolewa nje ya nyumba na kuhesabiwa, marafiki wanakuja mmoja mmoja, wazee wanakaa uani wakingoja neno. Tofauti ni kwamba mwenye mali yuko hai, na kalamu iko mkononi mwake. Kwangu mimi, orodha anayoiandika pale ndiyo sehemu ya kweli zaidi katika kitabu kizima. Pia ndiyo inayomshtaki kuliko mkosoaji yeyote alivyowahi kumshtaki.

Tuanze na mali yenyewe. Kwa maelezo yake, shamba lilikuwa ekari 6,000 chini ya vilima vya Ngong, na kahawa ilichukua kama ekari 600. Mahali penyewe palikuwa juu mno kwa kahawa. Ukame ukaja, nzige wakaja, bei ikaanguka, na madeni yakamaliza kilichobaki. Hayo yote anayasema. Anachokigusia kwa kupita tu ni kwamba shamba halikuwa lake peke yake. Lilikuwa la Karen Coffee Company, kampuni iliyoundwa 1916 kwa pesa za jamaa zake wa Denmark, na mjomba wake, Aage Westenholz, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Mumewe Bror, aliyekuwa meneja wa kwanza, karibu haonekani kitabuni. Ukikisoma bila kujua historia, utadhani shamba lilikuwa la watu wawili tu: yeye na Mungu.

Hilo si jambo dogo. Katika kesi yoyote ya urithi, swali la kwanza ni kama aliyefariki alikuwa na haki ya kugawa anachokigawa. Blixen anaiondoa familia yake kwenye hadithi ili abaki peke yake na ardhi, na upweke huo ndio unaoipa lugha yake ile fahari. Mtu anayeagana na mali ya wanahisa hawezi kulia vizuri hivyo. Kwa hiyo wanahisa wametolewa chumbani kabla ya kilio kuanza.

Sasa orodha. Mwanzoni, anasema, alifikiria kuwapiga risasi farasi na mbwa wake. Marafiki wakamwandikia kuwaomba, naye akabadili nia. Hapa mwandishi anafanya kazi safi, lazima nikiri. Farasi wake kipenzi, Rouge, anampanda polepole kwa mara ya mwisho hadi stesheni ya Nairobi na kumwingiza kwenye behewa la treni ya Naivasha. Mbwa wawili, David na Dinah, wanapata makao upande wa Gilgil, mahali penye uwindaji mzuri. Wanaondoka na gari, vichwa nje, kama wanaofuata harufu ya mnyama mpya. Kila mnyama ana jina, ana njia ya kusafiri, na ana mahali pa kufikia. Hata hisia zake baada ya kufika zimefikiriwa.

Fanicha nayo inauzwa, na hapo anaingia Farah, Msomali aliyesimamia nyumba yake miaka yote. Anavaa nguo zake bora kabisa na kumfuata siku hizo za kuuza, kana kwamba wako kwenye sherehe. Ni ukurasa mzuri. Farah anakataa kuacha anguko lionekane kama anguko. Ukishaona mama wa mtaani akivaa kitenge kipya siku madalali wanapokuja kubeba kochi, utamwelewa Farah mara moja. Lakini angalia tena. Vitu vinapata wanunuzi, wanyama wanapata marafiki, na Farah anapata sifa. Mimi nangoja mstari mmoja tu: Farah, baada ya miaka yote hiyo, anaondoka na nini? Kwenye orodha ile sijauona.

Halafu tunafika kwa watu wa shamba. Walionunua shamba walipanga kung'oa kahawa na kulikata vipande viuzwe kuwa ploti za nyumba. Hawakuhitaji maskwota. Wakawapa miezi sita wahame. Wakikuyu hawa walikuwa wakiishi na kulima pale, wengi wao wamezaliwa pale pale, na sheria ya wakati huo haikuwaruhusu kununua ardhi mahali pengine. Wakamfuata Blixen kwa swali ambalo halikuwa gumu kulielewa: twende wapi? Na ombi lao halikuwa ardhi tu. Walitaka wakae pamoja, wote, na ng'ombe wao.

Hapa ndipo kitabu kinafika kilele chake, na sisemi hivyo kwa kejeli. Blixen anaelewa. Anaeleza kwamba ukimnyang'anya mtu ardhi ya baba zake, umemnyang'anya pia jana yake na jina lake. Ndiyo maana, ikiwa lazima wahame, wanataka wahame na majirani wanaowajua, ili angalau nyuso zibaki zile zile. Halafu anafanya kitu. Anazunguka ofisi za serikali Nairobi, kutoka kwa afisa huyu hadi yule, mpaka kwa gavana mpya. Mwishowe serikali inakubali kutoa kipande cha msitu wa Dagoretti wakakae huko pamoja. Mzungu aliyefilisika, aliyempoteza Denys Finch Hatton kwenye ajali ya ndege kule Voi Mei mwaka huo huo, angeweza kupanda meli akajilia zake. Hakufanya hivyo. Hiyo ni haki yake na tumpe.

Lakini soma tena, polepole, ukikumbuka mbwa. Sarufi ni ile ile. Rouge anatafutiwa Naivasha, David na Dinah wanatafutiwa Gilgil, maskwota wanatafutiwa Dagoretti. Wote ni wategemezi wa mwenye nyumba, na wote wanapata mahali kwa wema wake na mawasiliano yake. Huruma yenyewe ni ya kweli. Shida ni safu ambayo watu wameandikwa. Kwenye mirathi kuna safu mbili: warithi, na vitu vinavyorithiwa. Blixen, kwa mapenzi yake yote, amewaweka Wakikuyu kwenye safu ya vitu vinavyohitaji makao mapya.

Na alijua. Hili ndilo linalonikosesha usingizi kuhusu kitabu hiki. Mapema kabisa, katika sehemu ya kwanza, anaeleza skwota ni nani, halafu anatania kwamba huenda wenyewe wanaona mambo kinyume: kwamba yeye ndiye skwota, skwota wa daraja la juu kidogo, kwenye ardhi yao. Ni utani wa mistari michache, wa mtu anayejiamini. Ukiufuata utani huo hadi sehemu ya tano, unageuka kuwa hoja ya kisheria. Kama yeye ndiye skwota, basi mwaka 1931 skwota mmoja aliuza shamba la wenyewe, akaondoka na hadithi, halafu akawaombea wenye shamba kipande cha msitu kutoka kwa serikali iliyochukua vyote viwili.

Tuweke tarehe mezani. Sheria ya Ardhi ya Kifalme ya 1915 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999. Sheria ya 1918 kuhusu wenyeji wanaokaa mashambani ikadai skwota afanye kazi angalau siku 180 kwa mwaka kwa mwenye shamba, ndipo aruhusiwe kukaa. Dagoretti yenyewe, ile "zawadi" ya mwisho, ndipo Lugard alipojenga ngome mwaka 1890 baada ya kupatana na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu wa pale. Yaani Wakikuyu wanapewa kwa hisani nafasi kwenye msitu ulio katika nchi ambayo miaka 41 kabla mzungu alilazimika kuomba ruhusa kwao ili apige kambi. Blixen hahitaji kuandika historia hiyo yote. Lakini sentensi zake zinapowashukuru maafisa, msomaji wa Nairobi ana haki ya kuuliza: tunashukuru nini hasa?

Kuna tukio lingine, mbali na sehemu ya tano, ambalo nadhani ndilo ufunguo. Lipo kwenye sehemu ya pili, inayoanza na ajali ya bunduki. Kabero, kijana wa Kaninu, anachezea bunduki ya meneja wa kinu. Risasi inatoka. Mtoto mmoja, Wamai, anakufa na mwingine, Wanyangerri, anaharibiwa taya. Wazee wanakaa kujadili fidia ya mifugo. Halafu wanatokea watu kutoka Nyeri wakidai fidia ya Wamai ni yao, kwa kuwa marehemu baba yake wa kuzaliwa alikuwa ndugu yao. Jogona Kanyagga, aliyemlea Wamai kama mwanawe, anakwenda kwa Blixen na kumwomba aandike maelezo yake yapelekwe kwa mkuu wa wilaya: jinsi baba wa mtoto alivyokuwa rafiki yake, jinsi alivyomchukua, jinsi alivyomlisha.

Blixen anaandika. Anapomsomea na kufika kwenye jina lake, Jogona anageuka na kumtazama kwa namna ambayo mwandishi haisahau. Anaona fahari ya mtu anayeumbwa kwa maandishi, na anajiona yeye kama muumbaji. Jogona anaitia karatasi ile kwenye kipochi cha ngozi, anaivaa shingoni, na mara kwa mara anarudi asomewe tena.

Wasomi wengi wanapenda ukurasa huu kwa sababu unahusu nguvu ya kuandika. Sawa. Mimi naona mtu mwenye kesi. Jogona hakuja kuumbwa na mtu; alikuja kuandikisha ushahidi. Alishaelewa, kabla ya sisi sote, kwamba katika koloni hii haki yako ni karatasi yako, na usipokuwa na karatasi, miaka uliyomlea mtoto haihesabiki. Anaivaa shingoni kama vile nyanya zetu wanavyoficha hatimiliki chini ya godoro. Blixen anaandika kuhusu roho ya Jogona wakati Jogona anawaza kuhusu watu wa Nyeri.

Sasa unganisha. Mtu huyu, aliyeona umuhimu wa kuandikwa, ni mmoja wa watu wa shamba lile lile. Kitabu kinatuonyesha karatasi moja iliyoandikwa kwa niaba ya Mkikuyu mmoja kuhusu mtoto mmoja. Kuhusu ekari 6,000, karatasi zilikuwa Nairobi na Denmark, na hakuna aliyemsomea Jogona hizo.

Kabla ya mauzo kwisha, Kinanjui, chifu mkuu aliyewekwa na serikali, anaugua. Anamwomba Blixen ambebe hadi nyumbani kwake akafie huko, kwa sababu hataki kupelekwa hospitali ya misheni. Blixen anakataa. Hana nguvu tena, anasema, na anaogopa lawama. Kinanjui anapelekwa misheni na kufa usiku huo huo. Ni mistari mikavu, haina mapambo, na ndiyo maana naiamini. Mzee huyu hakuomba shamba. Aliomba kitanda kwa usiku mmoja, kwenye nyumba iliyokuwa tayari inavunjwa vipande kwa ajili ya wanunuzi. Ukiuliza ukarimu wa orodha ile unaishia wapi, unaishia pale mlangoni.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alikishambulia kitabu hiki bila huruma. Katika insha iliyo ndani ya Moving the Centre, mkusanyiko wa 1993, alikiweka miongoni mwa vitabu hatari zaidi vilivyoandikwa kuhusu Afrika, kwa sababu ubaguzi wake umevalishwa upendo. Alionyesha jinsi Kamante, mpishi, anavyoelezwa kwa lugha ile ile ya mnyama wa kufugwa. Nilipokisoma mara ya kwanza nikiwa chuo, kabla sijaacha masomo, darasa liligawanyika mara mbili: waliokuwa na Ngũgĩ, na waliokuwa na sentensi nzuri. Nadhani mgawanyiko ule ulitupunja. Ngũgĩ yuko sahihi kuhusu wanyama. Nimetumia aya kadhaa hapa kuonyesha kwamba hata orodha ya mirathi inathibitisha. Tatizo ni kwamba wengi wakishamsoma Ngũgĩ wanafunga kitabu. Mimi nakitaka wazi mezani, kama faili ya kesi ya ardhi. Humo mshtakiwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba wenyeji huenda walimwona yeye ndiye skwota. Ushahidi wa namna hiyo hautupwi.

Na kuna aliyeleta dai lake baadaye. Mwaka 1975 kilitoka Longing for Darkness, simulizi za Kamante zilizokusanywa na mpiga picha Peter Beard, pamoja na michoro ya Kamante mwenyewe. Mpishi aliyeandikwa sasa anasimulia. Anawakumbuka watu, wanyama, vyakula na matukio yale yale kwa mpangilio wake, bila kusubiri Msabu amweleze maana yake. Lakini tazama jalada: ni simulizi za Kamante kutoka Out of Africa. Hata kumbukumbu zake zimeingia dukani kwa jina la kitabu cha mwajiri wake. Alirithi kitu, ndiyo, lakini ni kile ambacho tayari kilikuwa chake.

Nyumba nayo ilipata mrithi. Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliitoa kwa Kenya kama zawadi ya uhuru, na mwaka 1986, baada ya filamu kuvuma, ikafunguliwa kuwa jumba la makumbusho. Shamba likawa Karen, na watu bado wanabishana kama jina ni lake au la kampuni iliyoitwa Karen hata kabla hajawa maarufu. Ploti ambazo wanunuzi wa 1931 waliziota zipo, zina ua mrefu na mbwa wakali, na ukipita na matatu ya Ngong unaona mageti tu. Kila kilichokuwa kwenye orodha kimetunzwa vizuri: nyumba, jina, mandhari, huzuni.

Kwa nini kijana wa Pipeline au Githurai ajali haya? Kwa sababu wengi wetu tutawahi kuketi kwenye kikao cha mirathi, na kikao hicho huanza na karatasi. Chifu anaandika barua ya kutaja walioachwa na marehemu. Majina yanayoingia pale yanaenda kortini. Majina yasiyoingia yanaanza safari ndefu. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika 1981, angalau imejaribu kumkumbuka mtu kama Wamai: kifungu cha 29 kinawataja pia kama wategemezi watoto ambao marehemu aliwachukua na kuwalea kama wake. Lakini ile barua bado inaandikwa na mtu, akiwa na jamaa anaowapenda na jamaa asiowataka. Mke wa pili, mtoto wa nje, mjakazi aliyekaa miaka 20, mjomba aliyelima bila kuandikiana: wote hawa wanategemea sarufi ya mwandishi. Je, ni warithi, au ni mizigo ya kutafutiwa mahali?

Blixen anatufundisha kwamba unaweza kuwapenda watu kwa dhati na bado ukawaandika kwenye safu isiyo yao. Anatufundisha bila kukusudia, na ndiyo maana somo linaingia. Mwandishi mbaya angeficha mbwa au angeficha maskwota. Yeye aliwaweka kwenye sura moja, wakifuatana, kwa nathari ile ile tulivu, na akatuachia sisi tuone.

Ukikipata, usianze na mwanzo. Anza na sehemu ya tano, pale anapouza na Farah, uhesabu nani anapata nini. Kisha rudi kwenye ajali ya bunduki, usome kesi ya Jogona. Kisha nenda sehemu ya kwanza ukautafute ule utani wa skwota. Ukimaliza, mtafute Kamante wa 1975, kama utampata kwenye maktaba yoyote mjini, maana nakala ni chache na bei yake si ya watu wetu.